Vibao Vyeusi vya Dubow

Mwaka wa 1967 nilikuwa karani Garissa, na nilijiona fundi wa piano mji mzima. Si ajabu, piano ilikuwa moja tu, ile Wazungu waliyoiacha klabuni, na mpigaji nilikuwa mimi Musyoka peke yangu. Mfagiaji wa klabu, mzee Dubow wa Kotile, hakuwa amewahi kuniomba hata kiberiti. Siku moja akaegemeza ufagio ukutani. "Karani, nifundishe hii biano. Iko wimbo nataka mke wangu asikie."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Ndipo akanieleza. Watu wa kwao walipohamishiwa kijiji cha ulinzi, chini ya askari, kwa sababu ya vita, ng'ombe wake walibaki wamefungiwa zizini, wakafa kwa kiu. Mkewe, Batula, aliletwa mjini kwa lori. Ni miezi mitatu sasa hajamtamkia mumewe neno. Anapika, anafua, anaswali, kimya. Ng'ombe wakifa, Dubow alikuwa huku anafagia.

"Zamani aliuimba kisimani, akinywesha ng'ombe," alisema. "Mimi nikianza kuimba, koo inafunga."

Basi nikamfundisha nilichojua: bonyeza kibao cheupe, ruka kimoja, bonyeza, ruka, bonyeza, sauti tatu kwa pamoja. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama kuni, lakini alishika. Tatizo ni kwamba kila alichopiga kilitoka kama ibada ya Jumapili.

"Hii ni ya kanisa," akasema. "Yangu haiko hapa."

Nami kwa hasira zangu nikamwambia labda wimbo wake ndio mbovu. Akachukua kitambaa akaanza kupangusa vumbi kwenye vibao vyeusi, kimoja kimoja, vikilia chini ya kitambaa, kisha mkono ukasita. Akarudia kwa kidole. Wimbo wote ulikuwa pale, kwenye vyeusi vitupu. Mimi fundi niliona haya.

Nikamtafutia kazi ya mkono wa kushoto. Vyeusi vimepangwa kwa makundi, viwili, vitatu, viwili, vitatu: kidole kimoja kwenye cheusi cha kwanza cha vile vitatu, kingine kwenye cha kwanza cha vile viwili vinavyofuata. Shikilia. Halafu sogeza vyote viwili cheusi kimoja mbele, kisha rudi. Mkono wa kulia utembee upendavyo, mradi usiguse cheupe, hautakosea. Aliutembeza hivyo siku nne, na mimi nilikuwa natoroka ofisini kuja kumsikiliza.

Alhamisi alimwomba Batula amletee chai klabuni. Mama akaja na birika, akasimama mlangoni, macho chini. Dubow hakugeuka. Akaanza kupiga. Kwa wasiwasi akawa anapiga mbiombio, kushoto na kulia vikipishana. Nikasema moyoni, kwisha, mzee ameharibu.

Batula akaweka birika sakafuni. Akasema jambo kwa Kisomali, kwa sauti ndogo yenye ukali wa mke.

Dubow aliondoa mikono kwenye piano akafunika uso.

"Amesema nini, mzee?" nikamuuliza.

"Anasema nakimbia sana. Anasema nipige bolebole, ng'ombe bado hawajamaliza kunywa."

Mama alikuwa amekwisha kuketi sakafuni, kando ya kiti cha mumewe. Dubow akajipangusa macho kwa mkono wa shati, akaanza tena polepole, na Batula akawa anaimba.