Karani wa Duka la Majeneza

Kabla ya kugusa kompyuta, karani hulamba kidole kana kwamba anafunua ukurasa, na husema kwa upole wa katekista. Mzee Casimir, seremala aliyekuja kuomba kazi, alimkuta akiunganisha sensa ya serikali na mauzo ya duka. Kwenye ramani njia moja ikageuka nyekundu.

"Pale bazee ni bengi, papa. Tutafungua duka ya pili, bantu basisumbuke na transport."

Casimir alipigwa na butwaa. Tangu ujana wake hakuwahi kukata ubao wa jeneza kabla ya kusikia kilio na kumpima marehemu kwa kamba.

"Na mama yako? Si anakaa mu njia ile?"

Kidole kilisimama hewani. Karani akakilamba.

"Naye nilishamuhesabu, papa," akasema kwa upole uleule, akabonyeza kitufe.