Kompyuta Iliyomeza Milio ya Valiha

Kabla hajastaafu, Haingo alikaa miaka mingi kwenye mitambo ya sauti ya redio moja ndogo ya Antsirabe, na mpaka leo masikio yake hayajapata kustaafu. Bomba likivuja kwa jirani, yeye ndiye wa kwanza kulisikia. Mumewe, Mamisoa, alikuwa mpiga valiha, ule mwanzi mnene uliozungukwa na nyuzi, ambao mpigaji huupakata kama mtoto. Binti yao pekee, Faniry, alipokwenda kufanya kazi ya uuguzi Lyon, wazee hao walianza kumpigia muziki mtandaoni, moja kwa moja, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Wamalagasi wengine wa ughaibuni wakapata habari, wakajiunga, na sebule ya Haingo ikawa kama baraza la watu walio mbali na kwao.

Kisha Mamisoa akapatwa na kiharusi. Mguu ulirudi upesi. Mkono wa kulia ulichelewa. Kwa miezi kadhaa valiha ilining'inia ukutani, naye akiipita bila kuitazama. Kompyuta yao kuukuu nayo ikakata roho wakati huo huo, Faniry akawatumia mpya. Siku Mamisoa aliposema mwenyewe kwamba angependa kujaribu, Haingo aliharakisha kuishusha valiha kabla mzee hajabadili nia.

Jumapili hiyo alipiga taratibu, kwa vidole visivyo na nguvu, lakini hakukosea. Haingo alikuwa ameketi kando yake, akausikia kila uzi. Ajabu ni kwamba watu wa mtandaoni walianza kuandika maneno ya pole: mzee apumzike, asijilazimishe. Faniry akapiga simu kwa sauti ya mtu aliyetoka kulia, akauliza kwa nini baba alikuwa akiziacha nyimbo katikati.

Mamisoa hakuwa ameacha popote. Lakini waliporudia kusikiliza, Mamisoa alisikia kile walichosikia wenzake: mlio mmoja, kisha kimya, milio miwili, kisha kimya tena. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaiviringisha valiha ndani ya lamba, shuka lake la kujitanda, akalifunga kwa uangalifu kama mtu anayefungasha vitu vya marehemu.

"Mkono umekwisha, Mama Faniry," alisema. "Wewe unanisikia kwa sababu unanipenda."

Maneno hayo yalimchoma Haingo, maana hakuweza kuapa kwamba si kweli.

Kesho yake akaanza kuitafuta kasoro. Alibadili waya. Akaazima kipaza sauti cha kanisani. Akaulaumu mtandao, kisha akarekodi bila kwenda hewani kabisa, na milio ikapotea vile vile. Alipochoka alisahau kuzima kurekodi, akasimama mlangoni kuwafokea kuku waliokuwa wakiparua mboga zake. Aliporudi, aliifungua valiha, akaugusa uzi mmoja kwa ncha ya kidole, kwa huzuni tu. Baadaye akasikiliza alichorekodi. Aliyowaambia kuku yalisikika neno kwa neno. Uzi haukuwemo.

Haingo akacheka peke yake. Kumbe kompyuta ilikuwa ikichagua! Akapekua mipangilio ya sauti mpaka akakuta kitu kilichokuja na kompyuta mpya kikiwa kimewashwa, cha kuondoa kelele, kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa mikutano. Kilibakiza sauti ya anayeongea, na mengine yote ya chini kikayafuta. Uzi uliopigwa kwa nguvu ulipenya. Ulioguswa kwa upole ulihesabiwa pamoja na mvumo wa feni. Akakizima.

Mamisoa alipoamka kutoka usingizi wa mchana, Haingo hakumweleza kitu. Alimwekea valiha mapajani.

"Nyuzi mbili tatu tu, nipime waya."

"Unanihadaa."

"Nakuhadaa. Piga."

Akapiga, mwanzo kwa kumridhisha, kisha akasahau na kuumaliza wimbo. Haingo akamvisha hedifoni, akamrudishia wimbo aliokuwa ameurekodi. Mzee alifumba macho. Milio yote ilikuwepo, midogo, laini, imefuatana bila kuruka hata mmoja.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Nimekuwa mpole hivi?"

"Umekuwa," Haingo akasema, akimfuta shavu. "Zamani ulikuwa unapiga kama unafukuza mbwa."

Jumapili iliyofuata kila kitu kilifika Lyon, hata visivyoalikwa: kengele za riksho za kuvutwa na watu barabarani, jogoo, na kijiko cha Haingo kikikwangua ukoko wa wali ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, kinywaji chao cha baada ya chakula. Faniry alipopiga simu, mama yake aliomba radhi kabla hata ya kusalimiana, akaahidi kwamba safari ijayo atafunga madirisha na kutafuta namna ya kuisafisha sauti.

Faniry alimkatiza.

"Usiisafishe, mama," alisema. "Nimesikia jiko letu."

Mkono wa Mamisoa haukurudi kuwa kama zamani. Alitunga nyimbo za kuutosha, fupi, zisizo na haraka, na wasikilizaji wakajizoesha kunyamaza ili wamsikie. Haingo bado huketi kando yake kila Jumapili, akiangalia taa za kompyuta. Mara nyingine, wimbo ukimkolea, huzishusha hedifoni begani na kumsikiliza mumewe hivi hivi, kwa masikio matupu.