Mtoto wa Marehemu kwa Miaka Mitano

Siku ya kwanza kazini nilifika nimevaa sare ya shule, soksi zimevutwa hadi magotini, kwa sababu Mama alisema kazi ni kazi hata ikiwa ni ya kuigiza. Nilikuwa na miaka tisa. Kikundi chetu kilifanyia mazoezi Ngarenaro, kwenye ukumbi uliokuwa nyuma ya karakana ya wachomelea mageti, na kila mashine ya kukatia chuma ilipoanza kupiga kelele, waigizaji walisimama kama walivyo, mdomo wazi, mkono hewani, wakisubiri chuma kikatike ndipo waendelee. Mimi nilidhani ndiyo maigizo yenyewe. Nikasimama nami pale mlangoni, mkono hewani. Kiongozi wetu, ambaye wote tulimwita Mwalimu wa Jukwaa, alinitazama kwa muda, kisha akamwambia Mama, "Huyu niachie."

Nawaandikia ninyi wa Kidato cha Kwanza mlioingia klabu ya maigizo mwaka huu. Mlezi wa klabu aliniomba nisimame mbele yenu dakika kumi niwaeleze kazi ilivyokuwa enzi zetu. Nikamjibu sawa, halafu siku ilipofika nikajificha maktaba. Nisameheni. Nina miaka kumi na sita, niko Kidato cha Tatu, naitwa Ndeshi, na kazi ninayotaka kuwasimulia nilistaafu miaka miwili iliyopita. Kwa jina langu mwenyewe siwezi hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kwa jina la mtu mwingine niliweza kulia mbele ya mkutano mzima wa kata.

Mama ni fundi cherehani. Tulihamia Arusha kutoka Kilimanjaro nikiwa mdogo, tukapanga Sekei, na kazi yake kubwa ya kwanza mjini ilikuwa kukishonea kikundi mavazi. Nilifuatana naye kwa kuwa nyumbani hakukuwa na mtu wa kubaki nami. Ndivyo nilivyoajiriwa. Kikundi kilialikwa na ofisi za kata, shule na makanisa kuigiza mambo ya kuelimisha: chandarua, maji ya kuchemsha, wazazi wanaowaachisha watoto shule. Karibu katika kila igizo alikufa mtu, na anayekufa lazima aache mtoto. Basi mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa marehemu. Nilifiwa na baba kwa malaria, nikafiwa na mama kwa kuchelewa hospitali, nikafiwa na shangazi kwa maji machafu, wakati mwingine wote hao ndani ya wiki moja.

Mwanzoni sikujua kulia. Nilikunja uso na kutoa sauti kama ndama, na akina mama wa mstari wa mbele walikuwa wanafunika midomo kwa kanga wasionekane wanacheka. Mwalimu wa Jukwaa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyeigiza tangu ujana wake, aliniita pembeni.

"Nani kakutuma ulie, mama?"

Nikamwambia imeandikwa, Mwalimu, hapa mtoto analia.

"Anayelia ni huyo mtoto. Wewe kazi yako ni kukunja hii kanga ya marehemu. Ikunje ncha kwa ncha. Ikienda upande, fungua uanze upya."

Nikakunja. Ikaenda upande, nikaanza upya. Mara ya tatu sikuziona tena ncha, macho yalikuwa yamejaa. Sikuwa nafikiria kitu chochote zaidi ya zile ncha. Mpaka leo siwezi kueleza inavyotokea, ila tangu siku hiyo sikushindwa hata mara moja.

Vituo vyetu vilikuwa vingi. Tuliigiza kwenye kumbi za makanisa hapa Sekei, tukaigiza sokoni, tukaenda upande wa magharibi wa Mlima Meru kwa wakulima wafugaji, ambako jukwaa lilikuwa uwanja mtupu na upepo ulikuwa unabeba maneno yote. Huko mzee mmoja aliyejifunga shuka aliinuka katikati ya igizo, akaja kunishika mkono anipeleke kwake, kwa sababu baba yangu alikuwa amekufa na mjomba alikuwa ananinyima chakula. Mwalimu wa Jukwaa akamwamkia kwa heshima, akamweleza kwamba huu ni mchezo. Mzee akasema anajua ni mchezo, lakini kwenye huo mchezo wenu mtoto mnamtesa. Ilibidi ahakikishiwe kwamba mjomba anakamatwa mwishoni, ndipo akaniachia. Nafikiri ile ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupata.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu Dairekta alipokuja. Alitoka Dar es Salaam mwezi wa saba, akiwa na shati jepesi, akatetemeka kwa baridi ukumbini siku nzima akiangalia mazoezi yetu. Alikuwa anatafuta mtoto wa filamu. Hadithi yake ilikuwa ya msichana wa Terrat anayefiwa na mama, na sini kubwa kuliko zote, yaani kipande cha hadithi kinachotokea mahali pamoja, ilikuwa ile ya msichana akiwa peke yake chumbani baada ya mazishi. Mwalimu wa Jukwaa alimshauri kwamba msichana awe anakunja kanga ya mama yake. Dairekta aliponiona nikifanya hivyo pale ukumbini, alizima simu yake. Nilichaguliwa siku hiyohiyo, ingawa msichana wa kwenye hadithi alikuwa na miaka kumi. Mimi nilikuwa mfupi, nilipita.

Filamu ni kazi tofauti na jukwaa, lazima niwaeleze. Haifuati mpangilio wa hadithi. Asubuhi unaweza kuwa yatima, mchana mama yako akafufuka na kukusuka nywele. Kwa hiyo kuna mtu maalumu wa mwendelezo, kazi yake ni kuhakikisha vitu vinafanana kutoka sini hadi sini: kifungo kilichokuwa wazi kibaki wazi, chai ibaki nusu kikombe. Kwetu alikuwa dada mmoja mpole, tulimwita Dada wa Mwendelezo, na alikuwa anapiga picha kila kitu kwa simu, mpaka kamba za viatu vyangu. Mama alipewa kazi ya mavazi. Gauni langu lilikuwa moja tu, la bluu lenye maua madogo, na yeye ndiye aliyelishona, akalifua, akalianika, akalitunza.

Tulishuti karibu nusu ya filamu hukohuko Terrat. Kisha mwigizaji aliyekuwa baba yangu alianguka na pikipiki akavunjika mguu, na Dairekta akasema tutamsubiri, maana uso wake tayari ulikuwa kwenye nusu ya hadithi. Tulisubiri miezi minane. Sini ya kanga ilikuwa bado.

Katika miezi hiyo nilirefuka. Nasema hivi kama mtu anayekiri kosa, kwa sababu ndivyo nilivyojisikia. Simu ya kurudi kazini ilipokuja nilivaa gauni, likaishia juu ya magoti. Mama alinizungusha mara mbili, akachukua wembe akafumua pindo. Nguo za watoto yeye huzishona na pindo pana, ili mtoto akikua zishushwe. Akalishusha, akalipiga pasi, likafika pale lilipokuwa zamani. Mimi nikaanza kujifunza kutembea nimepinda magoti ndani ya gauni, kutoka kitandani hadi dirishani, bila mabega kushuka. Kila siku baada ya shule. Nilikuwa naitaka ile sini kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa nimekunja kanga mbele ya watu wa kata zote hizi wakasahau kesho yake. Hii ingebaki.

Siku ya kwanza ya kurudi Terrat nilitakiwa kutoka tu mlangoni na kusimama. Dairekta aliridhika. Ila Dada wa Mwendelezo aliendelea kutazama simu yake, kisha akaniomba nirudi mlangoni. Kwenye picha ya zamani kichwa changu kilikuwa chini ya komeo. Sasa, pamoja na kupinda kote, komeo lilikuwa usawa wa sikio. Akachuchumaa mbele yangu, akapitisha kidole kwenye gauni. Hapo ndipo na mimi nilipoona. Gauni zima lilikuwa limepauka kwa kufuliwa na jua, isipokuwa ukanda wa chini, upana wa vidole vinne, bluu nzito kama ilivyotoka dukani. Pindo lilikuwa limetunza rangi yake huko ndani.

"Hili limeshushwa lini?" akauliza, kwa sauti ndogo, kama vile hakutaka nijibu.

Mama aliinuka kwenye kigoda, pini zikiwa bado mdomoni. Akazitoa moja moja. "Nimelishusha mimi. Mtoto asigombezwe."

Dairekta akaja. Hakukasirika, na nilitamani angekasirika. "Simama wima, mama," akaniambia. Nikasimama wima, akanitazama mpaka pale nilipoishia.

Nikamwambia naweza kupinda magoti sini zote zilizobaki, nimefanya mazoezi, hata nikitembea haionekani. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia kwa jina langu mwenyewe.

"Najua unaweza," akasema. "Lakini utakuwa unayafikiria magoti. Nani atamfikiria marehemu?"

Nafasi yangu alipewa Nembris, binti wa boma lilelile la wafugaji tulilokuwa tunashutia, miaka kumi kamili. Sini nyingi zilirudiwa. Dairekta aliniomba nikae wiki moja nimfundishe, na Mama alibaki kumshonea gauni jipya la bluu ileile. Nilimfundisha Nembris kutoitazama kamera, kusimama kwenye jiwe tuliloweka alama bila kulitafuta kwa macho, kumwacha mwenzake amalize kusema. Nilimfundisha vizuri. Isipokuwa kanga. Hiyo nilimpa nikamwambia aishike tu. Naandika ukweli kwa sababu hakuna faida ya kuwaandikia kitu kingine.

Siku ya sini yake walimpaka dawa ya mafua chini ya macho ili machozi yatoke. Macho yakawa mekundu, yakavimba, akaonekana kama mtu aliyetoka jikoni kwenye moshi. Wakarudia mara tatu. Dairekta alinitazama, mimi nikatazama viatu vyangu.

Mchana tulipumzika. Nembris alikuja akakaa karibu yangu akijifuta macho kwa maji.

"Dada, wewe ulikuwa unamfikiria nani?"

"Simfikirii mtu."

"Mimi nimejaribu kufikiria yeyo kafa," akasema, ndivyo alivyomwita mama yake, "lakini nikigeuka namwona pale anapika."

Na kweli, mama yake alikuwa pale, anakoroga chungu, anatutazama kwa wasiwasi. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona jukwaani wala popote. Nikachukua kanga, nikamwambia: ncha kwa ncha, ikienda upande fungua uanze upya, usilie.

Alasiri waliwasha kamera mara moja tu. Nembris aliikunja kanga, na kila mkunjo aliupitishia kiganja polepole kuunyoosha, jambo ambalo mimi sikuwahi kulifanya wala sikumfundisha. Dairekta alisahau kusema "kata", neno la kusimamisha kamera. Mama, aliyekuwa amesimama kando yangu, aliniinamia sikioni akasema, "Anakunja vizuri kuliko wewe." Kwa anayemjua Mama, ile ilikuwa pole. Hajui kudanganya hata akifariji.

Nilirudi Ngarenaro nikidhani jukwaa litanipokea. Mwalimu wa Jukwaa alinitazama kuanzia chini hadi juu, akapumua. "Kwa mtoto wa marehemu umeshazidi," akasema, "na kwa marehemu mwenyewe bado hujafika. Hapo katikati hakuna aliyeandikwa. Subiri." Nikasubiri wiki kadhaa kwenye benchi, nikisikiliza mtoto mwingine akifiwa. Kisha Jumamosi moja sikwenda, na hakuna aliyepiga simu kuuliza.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Watu wazima wakistaafu hurudi kijijini kulima. Mimi nilirudi Kidato cha Kwanza. Jumamosi zangu zimekuwa ndefu mno. Kuna kitu tulichokiita mlango, yaani neno la mwisho la mwenzako, ukilisikia unajua ni zamu yako kuingia. Mlango wangu katika igizo la chandarua ulikuwa "haya, giza linaingia". Hadi leo Mama akisema maneno hayo, akitaka tuanue nguo kambani, mwili wangu unainuka wenyewe, moyo unapiga, najikuta nimesimama uani na hakuna mtu.

Filamu ilitoka. Wasichana wa darasani waliitazama kwenye simu nyumbani, wakaja wakiisimulia. Kuna mahali kwenye ile filamu msichana anaonekana kwa nyuma, anapandisha njia kuelekea bomani, na ule ni mgongo wangu, Dairekta aliubakiza. Sikumwambia mtu. Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja alisema yule mtoto amemliza kweli. Nikamwambia hata mimi.

Jumapili iliyopita Nembris alinipigia kwa simu ya mama yake. Ana miaka kumi na miwili sasa. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, mara yangu ya kwanza maishani. Akasema Dairekta anarudi kushuti sehemu ya pili, na msichana wa kwenye hadithi bado ni yuleyule, bado ana miaka kumi. Alisema bila furaha. Nikamuuliza kuna nini.

"Nimerefuka, dada. Sana. Nifanyeje?"

Nilianza kumweleza kuhusu magoti. Uyapinde kidogo tu, uzito uuweke visiginoni, mabega yabaki juu. Hakuna mtu Arusha nzima anayejua hilo kuliko mimi, na nilisikia anavuta pumzi, anasikiliza kwa makini kama alivyosikiliza siku zile. Nikaacha katikati ya sentensi. Nikamwambia asiyapinde. Ampigie Dairekta leo, kabla hajafunga safari, amwambie mwenyewe kwamba amekua, na amwombe aandike msichana aliyekua.

"Inaruhusiwa kuomba hivyo?"

Nikamwambia sijui, lakini aombe.

Kisha akauliza: "Wewe ulimwomba?"

"Hapana," nikasema. "Mimi nilipinda magoti."