Zinia za Shangazi Fundi

"Kama kuna mtu humu ndani ana zinia zinazozishinda zangu, asimame nimshonee suti ya bure!"

Shangazi aliyasema hayo kwenye mkutano wa wazazi, kipaza sauti mkononi, wakati ajenda ilikuwa choo cha shule. Hakusimama mtu. Mwalimu mkuu alikuwa na bustani yake, lakini alikuwa na akili pia.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Zinia zake zilijaa maua chini ya dirisha la chumba cha kushonea, nyekundu ya kuiva, karibu nyeusi, rangi ambayo sijaiona kwingine mpaka leo. Mbegu alipewa na mama yake siku alipoolewa, zimekunjwa kwenye kipande cha gazeti. Zinia haina msimu wa pili: ikishachanua inakufa, na usipovuna mbegu basi tena. Kwa hiyo kila msimu alichagua maua matano bora, akayafunga uzi mweupe shingoni, yakaukie palepale.

Uzi mweupe ndio aliotumia kushikiza nguo zisizokwisha, na nyumba nzima tulijua maana yake: bado, usiguse. Nguo iliyokwisha ilifungwa uzi mwekundu. Hiyo mumewe, ambaye ndiye alikuwa mpiga pasi wake, aliichukua, akaikunja, akaipeleka kwa mwenyewe.

Msimu ule uzi mweupe ukaisha. Maua mengine tulishayakata kwa harusi ya jirani, yamebaki yale matano tu. Shangazi akayafunga uzi uliokuwepo, mwekundu, akaenda sokoni kutafuta vifungo.

Aliporudi aliyakuta mezani, ndani ya glasi, yamepangwa vizuri kama kola.

"Baba watoto, nani kakutuma?"

"Si wewe? Uzi mwekundu, tayari. Sheria yako hiyo."

"Sheria ya magauni!"

"Sasa mama, ungeniambia maua yana sheria zake."

Nilicheka peke yangu, nikanyamaza peke yangu. Shangazi alikaa kwenye cherehani akakanyaga pedali, na sindano haikuwa na uzi.

Maua yale aliyaacha yakauke, akapanda kilichotoka. Yalikuwa yamekatwa machanga, mbegu zake nyepesi kama makapi. Wiki tatu mzee wa watu alimwagilia asubuhi na jioni, kabla hata ya kuwasha pasi, akiinama kuchungulia udongo kama aliyedondosha pete. Yakaota magugu, tena yenye afya.

Mwishowe waliongozana wote wawili hadi duka la pembejeo kununua mbegu. Zilizoota zilikuwa za rangi ya waridi na njano, ndefu, kila mpita njia akizisifia. Shangazi alijibu "asante" kwa adabu ambayo hatukuwa tumeizoea. Nilimkumbuka yule wa zamani, wa kutokeza kichwa dirishani kumfokea hata askari wa doria asikanyage tuta.

Pakiti ya mbegu hamsini ilikuwa shilingi mia mbili tu.