Mhoja Alikula kwa Kaka Yake

Mwalimu Paskazia amefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita katika shule moja ya sekondari huko Ilemela, juu kwenye mawe yanayotazama ziwa na uwanja wa ndege, ambako ndege ikitua mwalimu hunyamaza mpaka ipite. Kwa kidato cha nne ana sheria moja: "Andika unachokiona kitabuni. Ukinionyesha ukurasa, nitakutetea." Wanafunzi waliozoea kukariri vijitabu vya uchambuzi vinavyouzwa stendi huchukua muda mrefu kumwamini.

Mwaka huu aliyemwamini kuliko wote ni Modesta. Katika mtihani wa utimilifu, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa, swali moja liliwataka waeleze jinsi itikadi inavyojenga imani za mhusika katika riwaya waliyoisoma. Modesta alimchagua Mhoja, katibu wa kijiji anayemshtaki kaka yake kwa kuficha ng'ombe siku ya kuhesabu mifugo. Mwongozo wa usahihishaji ulisema Mhoja ni msaliti, mwoga na mpenda cheo, basi. Modesta aliandika: "Mhoja hajioni msaliti. Tangu arudi semina ya itikadi, kila akiulizwa habari za kaka yake anajibu kwa maneno ya semina. Hana tena maneno yake mwenyewe." Akataja kurasa nne. Paskazia akampa kumi na nne kati ya kumi na tano.

Alama zinazotoka nje ya mwongozo huamuliwa na walimu watatu wa idara. Mmoja ni Paskazia. Wa pili ni Rutashobya, mkuu wa idara. Wa tatu ni Nathaniel, ambaye miaka kumi na miwili iliyopita alikuja kufanya mazoezi ya kufundisha darasani kwa Paskazia, akalala miezi miwili kwenye chumba cha uani nyumbani kwa mwalimu huyo. Hadi leo humwita Mama.

Asubuhi ya kikao Nathaniel alipita nyumbani kwa Paskazia, akanywa chai kwa viazi vitamu, akaisoma insha ya Modesta akiwa amesimama.

"Mama, huyu binti ametupita wote."

"Utaniunga mkono?"

"Kwa mikono miwili. Hebu nipe na kile kiazi cha mwisho."

Kwenye kikao Rutashobya aliitazama ile kumi na nne, akavua miwani. "Paskazia, hapa umesahihisha au umebatiza?"

"Soma kurasa alizotaja."

"Nimesoma. Mwongozo unasema msaliti, mtoto anasema si msaliti. Mmoja wao amekosea, na mwongozo haufanyi mtihani." Akacheka peke yake. "Mimi nampa sita. Mwalimu Nathaniel?"

Nathaniel aliuvuta mwongozo karibu, akapitisha kidole kwenye mistari. Hakuinua macho.

"Sita," akasema.

Rutashobya akaikata kumi na nne kwa mstari mmoja.

Paskazia alimkuta Nathaniel nje, karibu na tangi la maji. "Asubuhi uliniambia nini?"

"Sijakusaliti, Mama. Nimefuata mwongozo." Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililomuuma Paskazia. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Uliniandikia kwa wino mwekundu kwenye daftari langu la mazoezi: usitoke nje ya mwongozo, mwongozo ndiyo haki ya mtoto asiye na mtu. Daftari ninalo."

Ni kweli, aliandika. Siku hizo walimu walikuwa wakiwaongezea alama watoto wa wenzao, naye alikuwa akipambana nao. Hakujua sentensi ile ingekaa ndani ya mtu miaka yote hiyo bila sentensi nyingine ya kuisawazisha.

"Na chai yangu?" akauliza. "Nayo ilikuwa kwenye mwongozo?"

Nathaniel akatazama chini, upande wa ziwa. "Sikutaka kukuudhi nyumbani kwako."

Wapo watakaosema hakutenda kosa. Alikuwa na haki ya kuuamini mwongozo. Mtu anaweza kuamini jambo kwa moyo safi na bado likamwumiza mwingine. Lakini hakuna aliyemfundisha kutoa ahadi ili amalize kifungua kinywa kwa amani. Hilo alilitenda mwenyewe, na asisingizie daftari.

Kesho yake walipishana koridoni. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu Nathaniel," akajibu, akaingia darasani na karatasi za mtihani.

Modesta aliiona sita, akauona na ule mstari. Kashindye, anayekaa nyuma yake, akachungulia. "Si nilikwambia ukariri?" Darasa likacheka.

"Mwalimu," Modesta alisema, "ulisema utanitetea."

"Nilikutetea. Nikashindwa."

"Kwa hiyo Mhoja ni msaliti?"

Juzi Paskazia angejibu bila kufikiri. Sasa aliishika riwaya bila kuifungua.

"Ulichoandika ni kweli, na kwangu alama zako ni zile kumi na nne. Ila kuna ukurasa hukuutaja. Jioni ile kabla ya kumshtaki kaka yake, Mhoja alikula wapi?"

Modesta akafunua kitabu, akarudi kurasa chache nyuma, akaishia kwenye mmoja. "Kwa kaka yake. Alikula ugali, akaomba aongezwe mboga."

"Semina ilimfundisha kushtaki. Nani alimfundisha kuomba mboga?"

Modesta aliinama akaanza kuandika chini ya ile sita, mahali ambapo hakuna atakayempa alama.

"Mwalimu," Kashindye akauliza, "ni ukurasa wa ngapi?"

"Utafute," alisema Paskazia.