Siku ya Kuanika Sanda

Nakumbuka Ijumaa moja, jua la saa nne, mama aliponiita uani kwetu Mtongwe nimshikie ncha ya pili ya sanda yake. Usishtuke, mwanangu. Wanawake wengi wa umri wake waliweka sanda sandukuni. Yeye alirudi na yake kutoka hija, imechovywa maji ya Zamzam, na kila mwaka aliianika, akaifukiza udi, akairudisha na karafuu chache za kufukuza nondo. Hata wageni akiwaonyesha. Nami nikiiona tangu utotoni, wala sikuwahi kuiogopa.

Mwaka huo moyo ulikuwa umeanza kumsumbua. Miguu ilivimba, na vidaraja vitatu vya barazani hakuvipanda bila kupumzika. Tulipokuwa tukiikunja ile sanda akaniita, "Mwanaidi."

"Abee, mama."

"Nataka kukwambia nikizidiwa nifanywe nini. Daktari kanambia moyo huu hautapona, nitakwenda nao hivi hivi. Sasa nisikilize."

Nikamkata kauli hapo hapo. "Mama, usituchurie! Utapona, inshallah." Tena nilisema kwa sauti, majirani wasikie kwamba mimi ni mtoto mwema.

Mama hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Aliiacha ncha yake ikaanguka mkekani, akanitazama.

"Nguo yangu ya kaburini umeishika mkononi, hukusema nachuria. Nikikwambia nataka nini ningali hai, ndio uchuro? Wewe waniogopea mimi, au wajiogopea nafsi yako?"

 Nilikuwa mwalimu wa shule wa miaka ishirini na saba, na mtaa mzima ulijua mdomo wangu haujui kunyamaza. Siku hiyo niliinama tu, nikaiokota ncha aliyoiacha.

Akanituma daftari. Yeye akasema, mimi nikaandika. Dawa za moyo na za pumzi apewe, na hospitali apelekwe maadamu daktari aona atarudi akiwa anatujua. Ikifika mahali hapana tena la kumponya, asitiwe mashine ya kupumulia. Arudishwe Mtongwe, alale chumba cha mbele, maumivu yatulizwe. Kisha akasema wa kumsemea ni mimi.

Hapo kalamu ilisimama. Nina kaka, Athmani, mkubwa wangu kwa miaka sita, wakati huo akiishi Mikindani na familia yake. Kwetu anayeulizwa ni mwanamume mkubwa. Nikamwambia mama kwamba Athmani atakasirika. Akanambia niandike tu, tena akanitajia mstari mmoja wa kumhusu Athmani mwenyewe. Wiki ile ile nilimpeleka kliniki, akamweleza daktari kwa kinywa chake, na nakala ikatiwa katika faili lake. Athmani naye, mama alijaribu kumwambia mara mbili, na mara mbili Athmani alimziba mdomo kwa maneno yale yale niliyomzibia mimi.

Mwaka wa pili yake akazidiwa. Tukamvusha feri hadi hospitali ya ng'ambo, akatibiwa siku tano, kisha akapoteza fahamu. Daktari akatuita mimi na kaka yangu nje ya wodi. Akasema moyo umechoka kabisa. Mashine yaweza kumpumulia, lakini haitamrudisha. Tunasemaje?

"Mtieni mashine," Athmani akasema. "Mfanyieni kila kitu. Ni mama yangu yule!"

Nilimpenda kaka yangu kwa neno lile. Lakini nilifungua mkoba, nikatoa daftari, nikamsomea daktari tangu mwanzo bila sauti kukatika.

"Nani kakupa wewe kusema?" Athmani akanifokea.

Nikamsomea mstari wake. "Athmani mwanangu ana moyo laini, hataweza kusema basi, nami sitaki abebe hilo. Yeye namtaka anisomee Yasin kwa sauti yake mwenyewe, asiletwe mtu mwengine."

Kaka yangu alikaa sakafuni, mtu mzima na kanzu yake, akalia. Alipoinuka alisema, "Haya. Twende naye nyumbani."

Mama aliishi siku nne katika chumba cha mbele. Nesi akija kumdunga dawa ya maumivu. Athmani hakurudi Mikindani, alisoma mpaka sauti ikamkauka. Na tangu siku ile hadi leo, mimi na kaka yangu hatujalaumiana hata kwa neno moja.

Hilo naringa nalo, mwanangu, sikufichi. Naringa kwamba mama aliniamini na sikumwangusha. Naringa naye zaidi yeye, aliyesoma madrasa tu, akatupanga daktari, mwana na binti, na huku macho hawezi kuyafungua.

Basi nakuusia. Sema ungali na ulimi. Mweleze daktari wako, mchague wa kukusemea, umwite akusikie, na iandikwe. Hali ikibadilika, irudie upya. Mwengine atataka ahangaikiwe hadi pumzi ya mwisho, na hiyo ni haki yake, maadamu kaisema mwenyewe. Na mgonjwa wako akitaka kukwambia, usimkate kama nilivyomkata mimi. Kulitaja jambo hakulileti, siku zetu anazipanga Mungu.

Miguu yangu nayo siku hizi yavimba, umeiona na ukajifanya hukuiona. Ijumaa naanika sanda yangu. Njoo unishikie ncha ya pili, na kalamu uje nayo. Mungu akupe umri mrefu na mwili mzima, akupe kifua cha kuwasikiliza wakubwa wako, na itakapofika zamu yako ya kusemewa, akujaalie mtu atakayesimama mbele ya daktari asome hadi mstari wa mwisho. Amina.