Geji ya Solveig Inayozima Gari

Saa moja na nusu asubuhi, mji mdogo wa Ludvika. Majken Sjödin amelala chali chini ya dashibodi ya Volvo Amazon ya mwaka 1966, miguu ikining'inia nje ya mlango. Gari limeshapambwa matawi mabichi, kama ilivyo desturi huku siku ya kumaliza sekondari. Saa sita kamili Tuva Norling, mwenye miaka 19, atatoka mbio shuleni na wahitimu wenzake akiwa na kofia nyeupe ya mahafali, na babu yake ameahidi kumzungusha mjini kwa gari hili.

Tatizo ni kwamba linakwenda dakika kumi, kisha linazimika.

"Mafundi watatu wamelishika," anasema babu mwenyewe, Ingemar, miaka 77. "Wamebadilisha vifaa vyote vya cheche: koili, platini, kondensa. Kilichobaki ni kunibadilisha mimi."

"Tukikosa ubovu tutafika huko," Majken anamjibu kutoka chini.

Majken, 58, ni fundi umeme wa magari kwa mwaka wa 41 sasa. Miaka sita iliyopita gereji kubwa aliyoitumikia ilimwambia magari ya zamani hayalipi. Akabeba vifaa vyake, akafungua karakana nyuma ya nyumba. Siku hizi hubakiwa na krona elfu kumi na tisa kwa mwezi, karibu nusu ya mshahara wake wa zamani. Hajuti, ingawa anakiri kwamba majira ya baridi yanamuuma vidole na mfuko pia.

Kabla ya kugusa chochote huuliza swali moja: tangu gari litoke kiwandani, limeongezewa nini?

"Na watu hudanganya," anasema. "Hata daktari hawamdanganyi hivyo."

Leo Ingemar aliapa hakuna kilichoongezwa. Sasa Majken ameshika waya wa kahawia.

"Ingemar, huu waya ulizaliwa na gari?"

Mzee anatazama viatu vyake.

"Hiyo geji tu. Ya mizunguko ya injini. Solveig alininunulia nilipotimiza arobaini, nikaifunga mwenyewe. Haihusiki."

"Miaka thelathini na saba? Inahusika sana."

Solveig, mkewe, alifariki Machi mwaka jana.

Waya huo unatoka kwenye geji hadi kwenye koili. Ndani ya geji, plastiki ya kuzuia umeme imechakaa. Ikipata joto, waya unagusa chuma cha bodi na cheche ya kuwasha injini inapotea. Kikulacho ki nguoni mwako: mafundi watatu walikitafuta chini ya boneti, nacho kinameremeta mbele ya macho ya dereva.

"Usiing'oe," anasema Ingemar. Mzaha umemtoka.

"Siing'oi. Natoa waya mmoja tu. Yenyewe ikae pale pale."

"Mshale utalala sifuri."

Majken anajivuta nje, anakaa kwenye sakafu. "Unataka mshale upande, au unataka Tuva apande?"

Ingemar anaitikia kwa kichwa. Waya unachomolewa. Injini inanguruma dakika kumi, ishirini, lakini Majken haamini. Anamlazimisha mzee kuzunguka mtaa mara tatu, na kila mara anamsubiri barabarani, mikono kiunoni.

Saa sita Tuva anatoka mbio, mashada ya maua yakimfunika shingo. Gari linapita mjini kwa mwendo wa miguu, jua kali, injini ya moto, hali ambayo jana ingelizima papo hapo. Linapita. Majken, kando ya njia na mikono yake ya grisi, analia waziwazi wala hajifichi.

Septemba ataanza kufundisha darasa la jioni la nyaya za magari ya zamani, kila Alhamisi, katika chumba cha maktaba. Anataka ujuzi huu usife naye. Darasa halifunguliwi bila watu saba, na walikuwa wamejiandikisha sita.

Jumatatu simu yake iliita.

"Niandike," alisema Ingemar. "Nakuja na geji."

"Niifungue mbele ya darasa?"

"Wewe usiiguse. Nitaifungua mwenyewe. Kaa tu karibu yangu."